Mhasibu wa duka la jumla, nataka kuingia kwenye kazi ya kufunga mifumo ya biashara. Nianzie wapi?

Mhasibu_Gerezani:
Wakuu, habari za leo. Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Gerezani, Dar. Huu mwaka wa 6. Nina shahada ya uhasibu, na mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu) nimebakiza ngazi ya mwisho.

Mwaka jana bosi alileta watu watufungie mfumo mmoja wa mauzo, stoo, manunuzi, leja na mishahara. Mimi nikapewa kazi ya kukaa nao. Wiki 9 zile nilikuwa naamka asubuhi nina hamu ya kufika kazini. Nawaeleza kwamba misumari tunanunua kwa katoni na kuuza kwa kilo, wao wanaandika, kesho yake nakuta mfumo unakata kilo kwenye stoo wenyewe. Nataka kazi ile iwe yangu.

Sijui kuandika programu. Vyeti vya mifumo hii nikiangalia bei ni dola tupu. Niache kazi nikasome? Na nishike mfumo gani?

Dada_Leja:
Mdogo wangu, kazi usiache. Mimi nipo Arusha, nafunga mifumo mwaka wa 11 sasa, na nilitokea huko huko kwenye uhasibu. Hapo ulipo pana kitu ambacho darasani hakifundishwi: unajua mzigo unavyoingia, unavyotoka, na nani anasaini nini.

Nikupe kisa changu. Kazi yangu ya kwanza kuongoza peke yangu ilikuwa kiwanda cha mafuta ya alizeti, Singida. Nilikaa na wakuu wa idara wiki 3. Nikaandika kila kitu: madumu ya lita 20, ya lita 5, katoni za chupa 12, bei za mawakala, posho za madereva. Salio za kuanzia zikalingana na urari wao (orodha ya salio za leja zote) mpaka senti. Tukawasha mfumo tarehe 1 Julai.

Saa 2 asubuhi simu kutoka getini: kuna lori limekuja kuchukua mashudu (makapi ya alizeti iliyokamuliwa), na ankara haitoki. Mashudu! Kwenye vikao vyote hakuna aliyeyataja. Kwa wakubwa kiwanda ni mafuta; mashudu yalikuwa yanauzwa getini kwa fedha taslimu, wanayajua mlinzi, mtu wa mizani na wafugaji wanaokuja kuyanunua. Kwenye mfumo wangu bidhaa hiyo haikuwepo, na risiti ya EFD, ile ya kodi, ilikuwa inatoka kupitia mfumo. Dereva alikaa pale mpaka saa 8 mchana.

Na kuongeza bidhaa moja hakukutosha. Alizeti ikikamuliwa, gharama yake lazima uigawe kati ya mafuta na mashudu. Mimi nilikuwa nimeibebesha lita za mafuta peke yake, kwa hiyo hata faida niliyomwonyesha mwenye kiwanda kwenye majaribio ilikuwa ya uongo. Nilirudia hesabu zote usiku ule na kesho yake nikamwambia mwenyewe, uso kwa uso.

Tangu siku hiyo, siku ya kwanza kwa mteja siingii ofisini. Naanza getini, naenda mizani, stoo, halafu kwa binti anayekata risiti. Namuuliza kila mmoja: jana ulitoa nini, na uliandika wapi? Yale madaftari yao yenye kurasa zilizochanika yana mambo mengi kuliko ripoti ya meneja.

Kuhusu mfumo: anza na ERPNext. Ni programu huria, unaipakua bure, na leja yake imo kamili. Odoo nayo ina toleo la bure, lakini uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia, kwa hiyo wewe mhasibu utakwama mapema. Funga kwenye laptop yako, kisha ingiza mwezi mmoja wa biashara ya kubuni iliyofanana na duka lenu (data za mwajiri usizitoe). Funga hesabu za mwezi. Urari ukikataa, tafuta mpaka ujue kwa nini. Ukifanya hivyo mara 3 utakuwa na cha kuonyesha kwenye usaili. Cheti atakulipia mwajiri wako wa baadaye.

Fundi_Kodi:
Namheshimu dada, ila tusimfiche mwenzetu. Bila SQL (lugha ya kuchambua data kwenye hifadhidata) atabaki kuwasubiri watu wa programu kila siku. Mteja anakupa orodha ya bidhaa 4,000, nusu zimeandikwa mara mbili kwa majina tofauti, "bati g28" na "Bati geji 28". Nani atazisafisha?

Dada_Leja:
Kweli kabisa, hapo nilipita haraka. SQL ya kusoma na kulinganisha majedwali ni lazima, na Excel ya kiwango cha juu. Kuandika programu nzima siyo lazima. Mimi mpaka leo siandiki.

Pwani_Mombasa:
Salamu kutoka Mombasa. Ndugu, kingine kitakachokupa kazi ni sheria za kwenu. Mfumo unakuja na kodi za nje. Wewe ndiye wa kuupanga. Huku kwetu VAT ni 16%, ankara lazima zipite eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, na mshahara una bima ya afya SHIF 2.75% na makato ya nyumba 1.5%. Kwenu VAT ni 18% na mna SDL, tozo ya ujuzi anayolipa mwajiri. Mteja hukukumbuka zaidi pale mshahara wa mwezi wa kwanza unapotoka bila kosa.

Ukitaka kampuni kubwa, fuatilia mfumo wa SAP pia. Msaada wa kawaida wa toleo lao la zamani, ECC, unaisha mwishoni mwa 2027, na kampuni nyingi zinahamia jipya.

Mhasibu_Gerezani:
Asanteni sana. Dada, hayo ya mashudu yamenigusa. Sisi tuna vipande vya nondo vinavyobaki baada ya kukata, vinauzwa kwa mafundi kila jioni. Nimeangalia leo kwenye mfumo wetu mpya: havimo.

Dada_Leja:
Basi hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Kesho jioni kaa na anayekata nondo, hesabuni vipande kwa urefu, uone fedha inaandikwa wapi. Andika ukurasa mmoja umpelekee bosi, halafu nitumie namna ulivyopendekeza gharama igawanywe. Nitausoma.