Roboti zikifichana chakula, tumejifunza nini kuhusu binadamu?

Mleta mada: Wakuu, hili naomba tulijadili. Mwaka 2009 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walichapisha jaribio la roboti zenye taa ya buluu, kwenye uwanja wenye "chakula" na "sumu". Ukikaa penye chakula unapata pointi, penye sumu unakatwa. Zenye pointi nyingi zilirithisha programu yao, kizazi baada ya kizazi, ndani ya kompyuta. Mwanzoni taa ziliwaka ovyo tu. Ila kwa kuwa roboti zilijazana penye chakula, mwanga nao ukawa mwingi hapo, zingine zikazoea kuufuata. Nafasi haikuzitosha zote. Baadaye nyingi zikawa zikifika kwenye chakula haziwashi taa! Na hakuna aliyeziandikia "ficha". Mimi naona hapa tumeonyeshwa uchoyo unavyozaliwa.

Mpinzani: Mkuu, pointi kapanga nani? Nafasi kaibana nani? Watafiti haohao mwaka 2007 walionyesha kuwa roboti zenye undugu, yaani zenye programu zinazofanana, zikipimwa kwa kundi zima, zinaashiriana vizuri. Wamebadili mizani, tabia nayo imebadilika. Uchoyo uko wapi hapo? Heri zile roboti 1,024 za Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, za 2014, vidude vya sentimita tatu hivi vinavyotembea kwa kutetemeka. Kujipanga umbo la nyota kulichukua kama saa 12, moja ikizubaa zilizo nyuma zinapanga foleni. Angalau fundi anaona kitu cha kurekebisha.

Mtoto wa mwaloni: Nimekulia Mwanza, baba mdogo akivua dagaa usiku kwa karabai. Taa yake ikikaa sehemu moja muda mrefu, wenzake wanajua kapata, wanasogea. Na hawezi kuizima, maana dagaa wanaifuata hiyohiyo. Basi anaficha kwa mdomo. Asubuhi ukimuuliza, "leo hamna kitu", huku mtumbwi umezama nusu kwa mzigo. Baba yangu tu ndiye alikuwa anaambiwa ukweli. Kwa hiyo la 2007, la undugu, nalikubali. La 2009 lina kasoro: taa ya roboti ni ya kusemea tu, ya baba mdogo ndiyo kazi yenyewe.

Mleta mada: Hapo umenibana, kiongozi. Je, mitumbwi yote ingegawana mapato sawa, baba mdogo angesema?

Mtoto wa mwaloni: Angesema. Ila kila asubuhi angehesabu ndoo za wenzake.