Sabufa ina kitufe cha ROCK, ukikibonyeza rock inakufa. Wauzaji mtuheshimu!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo nimeshindwa. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kuniambia nipoe kwanza.

Mwezi uliopita nilijikamua, nikaenda Kariakoo na 285,000 taslimu, nikarudi na sabufa ya spika tatu. Pale dukani muuzaji alichomeka flashi yake, akaweka amapiano, akafungulia besi mpaka vioo vya kabati vikawa vinatetemeka. Wapita njia wakasimama. Nikamwambia kaka, naomba tuchomeke na yangu nisikie. Akacheka. "Bosi, hii inapiga kila kitu. Hata kitufe cha ROCK kipo, angalia." Na kweli kipo, kwenye rimoti, katikati ya POP na JAZZ. Nikalipa. Huo ndio ujinga wangu, nimeshautubu, msinirudishe huko.

Nyumbani nikafunga nyaya, nikaweka rock. Ile ya magitaa mawili, besi, dramu na mtu anayeimba kama anadaiwa kodi. Wakuu, gitaa halipo! Sisemi liko chini, nasema halipo. Kuna besi inavuma kama jenereta ya jirani, kuna matoazi yanachuruzika juu kama mtu anakaanga dagaa, katikati hapo ni shimo. Mwimbaji anasikika kama katumbukia kwenye pipa la maji. Nikasema labda sijabonyeza kile kitufe. Nikabonyeza ROCK. Magitaa yaliyokuwa yanahema kwa mbali yakakata roho.

Usiku ule nilikaa na rimoti kama mwendawazimu, nabonyeza na kuachia, nasikiliza kinafanya nini. Kinapandisha besi, kinapandisha trebo (sauti za juu), kinakata midi (sauti za kati). Basi. Sasa mnisikilize vizuri. Waya mnene kuliko wote wa gitaa, ukiwa umetyuniwa kawaida, unalia kwenye Hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Spika ya inchi 12 ya amplifaya ya gitaa ikifika Hezi 5,000 hivi inaanza kuishiwa, juu ya hapo haina la kusema. Sauti ya mwimbaji iko humohumo. Mlio wa snea, ile dramu ndogo ya katikati, ule mchapo wenyewe, humohumo. Na sikio la binadamu linasikia kwa ukali zaidi kati ya Hezi 2,000 na 5,000. Yaani rock nzima inaishi chumba cha katikati, halafu kuna mtu kiwandani kachukua kufuli kafunga chumba hicho, mlangoni kaandika ROCK. Ni sawa na kuuziwa sufuria yenye kitufe cha UGALI, ukikibonyeza inamwaga unga.

Nikaipeleka kwa fundi wangu Buguruni, mzee mmoja anayetengeneza redio tangu enzi za kaseti. Akafungua vile vispika viwili vya pembeni. Kila kimoja kina koni ya inchi 3, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Juu yake kuna kile kiduara cha fedha kinachong'aa, mnachodhani ni twita, kispika cha sauti za juu. Nyuma yake hakuna waya. Hakuna sumaku. Hakuna kitu! Ni urembo umegundishwa kwenye plastiki, kama saa ya kuchora mkononi.

Fundi akanieleza tatizo liko wapi, na nikaelewa kwa nini hakuna kitufe kitakachoniokoa. Kispika cha inchi 3 hakiwezi kushuka chini, kikilazimishwa kinapasuka. Kwa hiyo mwenye kiwanda anaipandisha sabufa yenyewe, lile boksi la besi, ibebe hata sauti ambazo si zake, mpaka kifua cha mwimbaji. Gitaa moja linachanwa vipande viwili: miguu inatoka kwenye boksi lililo sakafuni, kichwa kinatoka kwenye vikombe vya kahawa ukutani, kiuno hakina mwenyewe.

Na hilo boksi lenyewe lina tundu kubwa la kupumulia, limetengenezwa livume kwenye noti moja tu. Amapiano inalipenda, filamu za mabomu zinalipenda, sibishi. Sasa weka metali, ile rock nzito, ya spidi ya biti 200 kwa dakika, mpiga dramu anatumia miguu yote miwili, mapigo manne kila biti. Piga hesabu: ni zaidi ya mapigo 13 kwa sekunde. Boksi halijamaliza kuvuma pigo la kwanza, la pili limeshafika, la tatu liko mlangoni. Unachosikia ni "vuuuuuu" moja ndefu, kama lori limekwama kwenye tope.

Tuje kwenye wati, maana hapa ndipo nilipotukanwa waziwazi. Boksi limeandikwa PMPO 12,000W kwa maandishi ya dhahabu, PMPO ikiwa ni zile wati za matangazo. Geuza nyuma, kuna stika ndogo: AC 220-240V, 60W. Sitini! Ingekuwa inakula wati 12,000 kweli, ingemaliza uniti moja ya LUKU kila dakika tano, na swichi ya ukutani ingeyeyuka kabla solo haijaanza. Ndani fundi alikuta IC tatu za TDA2030, vile vidude vyeusi vya kukuza sauti, zile za siku zote, kila moja ikijitahidi sana inatoa kama wati 14.

Mtu atasema wati 14 zinatosha sebuleni. Kwa ngoma zenye nafasi, zinatosha. Dum, kimya, dum, amplifaya inapata pumzi. Rock haina kimya. Magitaa yenye mkwaruzo yanajaza kila tundu kuanzia mwanzo hadi mwisho, IC haipumziki, ikizidiwa inaanza kukwaruza na yenyewe. Na mikwaruzo hii miwili si ndugu. Wa mpiga gitaa ni pilipili aliyoipima mwenyewe. Wa IC iliyochoka ni mchanga kwenye wali. (Kwa haki tu: zipo albamu zilizoharibiwa studio, ile ya bendi ya Metallica ya 2008 sauti yake ilikandamizwa mpaka mashabiki wenyewe wakalalamika. Hiyo siilaumu spika.)

Nikarudi dukani na risiti. "Kaka, mali ikishatoka hairudi." Sawa, niliitegemea. Kilichonichoma ni alichoongezea: "We unasikiliza makelele, spika itajuaje?"

Makelele, eh? Jumapili ile mzee wangu alikuja kunitembelea. Mzee wa dansi huyo, rock haijui na hataki kuijua. Nikamwekea bendi zake za miaka ya sabini. Akasikiliza dakika mbili, akainamisha kichwa upande mmoja, akauliza, "Rithimu imeenda wapi? Huyu solo anapiga peke yake?" Sikuwa na jibu. Gitaa la rithimu lilikuwa limefukiwa kaburi moja na magitaa yangu. Kwa hiyo msidhani hii ni kesi ya wapenda rock peke yao.

Fundi aliponionea huruma akaniwashia spika zake za mtumba kutoka Japani. Boksi za mbao nzito, koni ya inchi 8, midi yake peke yake, twita yenye waya kweli. Amplifaya yake imeandikwa wati 30 bila mbwembwe. Wakuu, gitaa lilitoka pale nikasikia mpaka kidole kinavyoteleza kwenye waya. Besi haikutikisa kabati la mtu. Hata zile spika za studio, Yamaha NS-10 zenye koni nyeupe, zilizoanza 1978 na kutengenezwa hadi 2001, studio nyingi zilizipenda ilhali besi yake ni haba. Zilikuwa zinaianika midi bila huruma, na fundi mitambo akaona kosa lake. Rock nyingi mnayoijua ilipimwa kwenye hizo. Leo unaenda kuisikilizia kwenye kifaa kisicho na midi kabisa.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Anayesema rock ni ya wazungu, Dar hii hii miaka ya sabini ilikuwa na bendi ya Sunburst, wanapiga rock na magitaa yao ya umeme. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja 1946. Anayesema ni muziki wa shetani, sijaomba mahubiri, nimeomba midi. Na wewe unayenishauri nipunguze besi kwa rimoti: nimepunguza mpaka sifuri, mkuu. Sasa zimebaki dagaa peke yake.

Sabufa ipo, boksi lake lipo, rimoti ipo, haina mkwaruzo wa nje. Naiachia kwa 180,000, maongezi kidogo yapo. Mtu wa amapiano aje, ataipenda na sitamficha kitu. Kitufe cha ROCK asikiguse tu.