Nimeshadifendi lakini tasnifu inarudishwa kila nikiipeleka, na nimeshabaindi nakala nne. Nisaidieni

Mtahiniwa Mzee

Wakuu habari za saa hizi. Nasoma masters hapa hapa Dar, chuo sitaji mana dunia ndogo hii. Nimedifendi, yani nimeitetea tasnifu mbele ya watahini, wiki tatu zilizopita, nikapita kwa marekebisho madogo, siku ile nilipanda mwendokasi nacheka mwenyewe mpaka Kimara watu wananiangalia, nyumbani wakapika pilau na mama mkubwa akaanza kuniita msomi mbele ya majirani. Kumbe bado.

Nilipewa mwezi mmoja nirekebishe nikabidhi ya mwisho. Nikarekebisha ndani ya wiki moja, nikapeleka ofisi ya masomo ya uzamili, wakasema kurasa za mwanzo hazina namba za kirumi. Sawa. Nikarudi nayo, wakasema upande wa kushoto pamebana, ikibaindiwa maneno yatamezwa. Sawa. Nikarudi tena, wakaniuliza ripoti ya marekebisho iko wapi, mimi nilijua ukishaambiwa rekebisha unarekebisha basi, kumbe na hiyo kazi ya kurekebisha nayo inaandikiwa ripoti. Juzi ndo imekuwa kali kuliko zote, wameipitisha Turnitin, ile programu ya kupima maandishi yanayofanana na ya wengine, imetoka asilimia 91. Tisini na moja wakuu! Kazi nimeandika mwenyewe usiku, mtoto mgongoni, na kabla ya difensi ilikuwa 17.

Supavaiza wangu amesafiri, kwenye WhatsApp ananijibu kwa dole gumba tu, hujui dole la "sawa nitasaini" au la "nimeona usinisumbue". Alafu kosa langu, naona aibu kulisema, nimeshabaindi nakala nne za hadikava. Jamaa wa Ubungo aliniambia nikifunga nne kwa mpigo ananipunguzia, nikaona nisiiache bei. Ukurasa wa sahihi humo ndani ni mweupe pee.

Kwaiyo hiyo 91 imetoka wapi, hizi nne nazifanyaje, na mwaka wa kuandika kwenye jalada ni huu niliodifendi au ule wa mahafali? Zimebaki siku nane.

Kibatari

Pole sana ila nimecheka. Umekamatwa unajiibia mwenyewe.

Wa Savei

Kibatari katania ila ndo jibu lenyewe. Ile ya kwanza iliyotoka 17, aliyeipandisha aliiacha ikahifadhiwa kwenye ghala la Turnitin. Sasa umerekebisha kidogo, imepandishwa tena, mashine inaikuta ile ya mwanzo imekaa humo inakutana na ndugu yake pacha, lazima ipige kelele. Fungua ripoti yote usiishie kwenye ile asilimia kubwa ya juu, angalia chanzo namba moja, utakuta ni kazi ya mwanafunzi iliyowasilishwa chuo chako mwenyewe na imebeba karibu 91 yote. Mwenye akaunti hapo chuoni anaweza kukiondoa hicho chanzo kwenye hesabu ripoti ikajihesabu upya. Nenda kamwambie kwa adabu, asubuhi kabla hawajachoka.

Usije ukaanza kubadilisha sentensi. Nina mshikaji alipaniki akakaa siku tatu anageuza maneno, "utafiti ulibaini" kaiandika "uchunguzi uligundua", majibu ya wahojiwa wake nayo kayageuza, yaani kaharibu data yake mwenyewe kwa ajili ya asilimia.

Na kingine, wale vijana wa steshenari wanaokupimia kwa hela kidogo achana nao. Huijui akaunti ni ya nani, na ikihifadhiwa huko utakuja kuonekana umenakili kwa mtu wa chuo usichowahi hata kukanyaga.

Mama Wawili

Dada, mimi nimemaliza mwaka juzi, ripoti ya marekebisho ilinitesa kuliko chapta ya nne. Fanya jedwali tu, weka alichosema mtahini vilevile kwa maneno yake, ulichofanya, na ukurasa kinapopatikana. Hapo kwenye ukurasa ndo watu wanaliwa, mtu anaandika ukurasa wa 46 akitoa kwenye drafti, alafu anaongeza aya mbili mbele huko kila kitu kinasogea, anayehakiki anafungua 46 anakuta picha ya kisima. Hiyo safu ijaze mwisho kabisa baada ya kila kitu.

Kuna jambo hawatuambiagi. Sio lazima ukubali kila kitu. Mimi mtahini wa ndani alitaka nipunguze chapta ya pili, wa nje akataka niongeze, nikalia kabisa pale ngazini. Supavaiza akaniambia andika kwenye jedwali kwamba umeongeza pale alipotaka wa nje na umekata marudio aliyoyaona wa ndani, na kama kuna sehemu hujabadilisha toa sababu kwa lugha ya upole. Walipitisha. Wanachokichukia ni kuruka kimya kimya.

Chuma cha Mabibo

Mbona mnajitesa. Chukua sahihi ya supavaiza kwenye proposo yako, skani, pachika kwenye ukurasa, printi, umemaliza. Nani ataangalia.

Mama Wawili

Wewe mtoto una matatizo. Hiyo ni kughushi. Shahada inafutwa hata ukiwa umeshaajiriwa, na unamchomesha na mzee wa watu aliyekusomea kurasa mia na ushee.

Wa Savei

Chuma usimpoteze mwenzio. Mtumie supavaiza ule ukurasa mmoja tu kwa PDF, asaini, aupige skani, autume yeye mwenyewe kwa imeili yake kwenda ofisini, wewe akuweke kwenye cc. Ila kabla hujamsumbua waulize ofisi kwanza kama wanapokea hivyo au wanataka wino, mana vyuo vinatofautiana. Wakisema wino, muone mkuu wa idara umuulize utaratibu wa supavaiza akiwa safarini, huyo sio wa kwanza kusafiri. Na ukimwandikia usimwandikie "shikamoo prof upo", andika jambo lote kwenye meseji moja, tarehe ya mwisho iwe humo. Dole gumba linakuja kwa sababu hujauliza swali.

Fundi Bainda

Nimeona swali la nakala nne naomba nichangie, hii ndo kazi yangu mwaka wa kumi na moja. Kitabu kilichofungwa hadikava hakiwi kama faili useme unachomoa karatasi. Kuingiza ukurasa mmoja inabidi tung'oe jalada, tutoe gundi, tupange upya, tufunge, alafu mashine inakata tena kingo zinyooke. Kila ukikatwa unapoteza milimita kadhaa. Ndo mana wanakusumbua na ule upande wa kushoto, vyuo vingi wanataka sentimita 4 pale, na wako sahihi, mimi nimeona kazi za watu huwezi kusoma neno la kwanza la mstari mpaka ukipasue kitabu.

Sasa dada wewe ulishaambiwa kushoto pamebana. Je hizo nne ulifunga kabla ya kurekebisha au baada? Kama ni kabla, za ndani zote ni za kuprinti upya, hapo hamna fundi wa kukusaidia. Kitakachookoka ni jalada, kama maandishi yake ni sahihi na unene haujabadilika sana. Ukiongeza kurasa thelathini mgongo wake hautoshi.

Na mjue sisi hatusomi kazi zenu. Dhahabu ile inapigwa kwa moto, ukishapiga haifutiki, tunapiga ulichotuletea. Nimewahi kupiga UZAMILI ikiwa UZAMLI nakala sita, mwenyewe aliikagua kwenye simu akasema safi piga. Njoo na karatasi, usome herufi moja moja kwa kidole, na mwingine asiyeijua kazi asome pia.

Kibatari

Fundi leo umetoa lekcha bure.

Mhariri wa Usiku

Mimi nafanyaga kazi za kuformati, naongeza ya Word. Namba za kirumi zinakataa kwa sababu faili lako lote ni sehemu moja. Weka mkato wa sehemu (section break) kabla ya chapta ya kwanza, alafu bonyeza chini kwenye namba ukate ile kamba inayoiunganisha na sehemu iliyopita (Link to Previous), usipoikata ukibadilisha huku na kule kunabadilika, unaweza kukesha. Mbele kirumi kidogo, chapta ya kwanza ianze na 1. Ukishamaliza shika hati yote bonyeza F9 yaliyomo yajisasishe, na upitie kwa macho, mana zile eroo nyeusi za kizungu katikati ya orodha ya majedwali hazionekani mpaka umeshaprinti.

PDF itengeneze kwenye mashine yako mwenyewe. Ukipeleka Word steshenari, kompyuta yao haina fonti yako, jedwali linaruka ukurasa, na ile safu ya kurasa ya Mama Wawili imekufa.

La mwaka usiulize humu kila mtu atakujibu la chuo chake. Panda maktaba, omba tasnifu tatu za idara yenu zilizopokelewa karibuni, angalia wameandika nini juu na kwenye mgongo, fanya vilevile. Hata ule ukurasa wa hakimiliki unaotaja Mkataba wa Berne na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, unakili neno kwa neno walivyoweka, sio mahali pa kuonyesha ubunifu. Na jina lako liwe lile la kwenye usajili, wengi hapo wanateleza.

Mtahiniwa Mzee

Wakuu narudi na mrejesho. Nimeenda leo asubuhi, chanzo namba moja kweli nilikuwa mimi, yule kaka wa maktaba akaguna tu akakiondoa, imeshuka 16. Nimetoka pale mwepesi. Supavaiza nimemwandikia meseji moja ndefu yenye tarehe, kajibu kwa maneno mara ya kwanza tangu difensi, anarudi Alhamisi atasaini kwa wino. Ripoti nimeshafika maoni ya 22 kati ya 31, ukurasa nimeacha wazi kama alivyosema Mama Wawili, Mungu akubariki dada.

Fundi, nilifunga kabla. Najua. Za ndani naprinti upya ila jalada nilikuwa nataka niliokoe mana unene ni uleule. Mama mkubwa kasema ile moja nisiitupe, ataiweka sebuleni, sahihi yeye haimhusu.

Mhariri, hapo kwenye jina la usajili unamaanisha nini hasa?

Mhariri wa Usiku

Jina la kwenye vyeti vyako ulivyosajiliwa navyo, kuanzia cha kidato cha nne. Nyie mlioolewa katikati ya masomo mnapenda kuongeza la mzee mwishoni. Kama hukubadilisha rasmi, jalada litasema mtu mmoja na transkripti mtu mwingine.

Mtahiniwa Mzee

Zote nne nimeweka la mume wangu. Kwa dhahabu.

Fundi Bainda

Lete. Ila ya sebuleni iache hivyohivyo, shemeji atafurahi.