Pateni ya puli 30 za alumini: mninga, mtiki, MDF, stairofomu au printa ya 3D?

Puli_Ngamiani (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Kuna oda ya puli 30 za alumini: kipenyo cha nje 250 mm, ukingo upana wa 25 mm, mfereji mmoja wa mkanda wa V saizi B, tundu la shafti 25 mm. Zinakwenda kwenye mashine za kusaga na kukoboa Muheza na Korogwe. Kusubu (kumimina alumini iliyoyeyuka) ni hapahapa Tanga, kwa mchanga mbichi, yaani wenye unyevu, uliochanganywa na bentonaiti (udongo wa kushikanisha). Pia kuna kipande kimoja tu cha kushikia alteneta, kina kona nyingi na tundu za pembeni, cha zamani kimevunjika vipande vitatu.
Naomba ulinganisho wa vifaa vya pateni (mfano wa kuacha umbo mchangani) kwa kazi hizi mbili. Kuna fundi anasema nisisumbuke, nichukue puli ya zamani niishindilie kwenye mchanga.

Mkerezaji_B12
Shekhe, la puli ya zamani liache. Alumini ikipoa kwenye kalibu (umbo la mchanga) hunywea, yaani husinyaa, kama asilimia 1.3. Puli ya 250 ukiifanya pateni inazaa ya 247 hivi, na hapo hujagusa sura na patasi ya mashine. Ukishaisafisha unabaki na 244 au pungufu. Mashine inabadilisha mwendo, mteja anarudi analalamika unga unatoka mnene. Halafu mfereji wa V ni mtego: mchanga ulioingia mle unang'oka pateni inapotolewa.
Hesabu ni hii. Anza na kipimo cha mwisho, 250. Ongeza nyama ya kukereza (ziada itakayokatwa kwenye mashine) 3 mm kila upande, inakuwa 256. Kisha zidisha kwa 1.013, unapata 259.3. Ukingo nao 25 + 6 = 31, mara 1.013, chukua 31.4. Huo mpangilio usiugeuze: nyama kwanza, kunywea baadaye.
Ukingo usubiwe mzima bila mfereji. Mfereji unachongwa kwenye mashine ya kukereza. Kwa kipenyo hiki pembe ni nyuzi 38, mdomo kama 17 mm. Anayetaka mfereji utoke kwenye mchanga atalazimika kutengeneza pete ya kiini (umbo la mchanga mgumu la kuacha uwazi ndani ya kalibu), gharama haina faida kwa puli 30.

Mbao_za_Pwani
Kwenye mbao, tuzungumze hali ya hewa kwanza, maana hapo ndipo pateni nyingi za Tanga huharibikia. Mbao iliyokaushwa vizuri ikija ikakaa kwenye karakana ya pwani inavuta unyevu tena mpaka kufikia asilimia 14 hadi 16 hivi, na inavimba kukata nyuzi, si kwa urefu. Kwa hiyo duara lililochongwa kutoka ubao mmoja mpana linageuka yai. Utalipima asubuhi ya leo sawa, baada ya masika upande mmoja umezidi mwingine.
Mninga ndiyo chaguo langu. Hauchezi sana na unyevu, unakubali patasi na msasa, kona zake hazimeguki. Bei ndiyo inauma, na hakikisha mbao ina nyaraka zake. Mtiki tunao jirani, shamba la Longuza lipo Muheza, na vipande vifupi vya masalia vinafaa kabisa kwa pateni. Nao umetulia, ila una mafuta: gundi na vanishi hazishiki usipoupangusa kwa tina dakika chache kabla ya kupaka. Mvule siushauri kwa kazi ya vipimo. Nyuzi zake zinapishana, randa inang'oa, na mara nyingine ndani mna vijiwe vya chokaa vinavyoua makali ya patasi. Paini ya Shume ni rahisi na nyepesi, inatosha kwa pateni ya kutumika mara tano sita. Zaidi ya hapo kishindilio (kifaa cha kugandamiza mchanga) kinaibonyeza, na fundo linatokeza juu ya rangi.

fundi_sila
Naona MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) inarukwa kana kwamba haipo. Haina nyuzi, kwa hiyo haivimbi upande mmoja. Inakatika safi, unene wake ni uleule kila mahali. Kwa pateni bapa haina mpinzani.
Shida yake ni ukingo. Uso umebanwa lakini ukingo unafyonza kama sponji, na mchanga mbichi una maji asilimia 3 hadi 5. Dawa: paka ukingo gundi nyeupe iliyopunguzwa na maji nusu kwa nusu, iache ikauke, piga msasa namba 180, kisha sandingi sila (rangi ya kuziba vitundu vya mbao) mikono mitatu hadi minne, kila mkono ukipigwa msasa 320. Umalizie na rangi ngumu ya mafuta au ya magari. Ukisikia uso unakwama ukipitisha kucha, bado haijawa tayari.
Na skrubu usiingize kwenye ukingo wa MDF, itapasuka katikati.

Puli_Ngamiani
Asanteni. Mbao_za_Pwani, kama ubao mpana haufai, duara la 260 nalipataje?

Mbao_za_Pwani
Kwa vipande. Pateni yako iwe nusu mbili zinazokutana katikati ya ukingo, kila nusu unene wa 15.7 mm. Anza na sahani ya plaiwudi ya 6 mm, duara zima. Plaiwudi nyuzi zimepishana kwa hiyo kipenyo hakitembei. Juu yake gundisha pete ya vipande sita vya mninga, unene 12 mm. Kila kipande urefu 160, upana 45, ncha zote mbili zimekatwa nyuzi 30. Vipange kwanza bila gundi: mwanya ukionekana kwenye kiungo cha mwisho, rekebisha ncha, usijaze na bodifila. Katikati weka kitovu cha mninga. Ikishakauka usiku mzima, peleka ikakerezwe.
Nusu mbili zishikwe na doweli (pini za kulenganisha) mbili za vipimo tofauti, moja 8 mm na nyingine 10 mm. Hivyo hata kijana mgeni hawezi kuzifunga kinyume.
Mteremko (pembe ndogo ya kufanya pateni itoke mchangani): nje ya ukingo nyuzi 2, kutoka katikati kwenda nje. Kwa kina cha 15.7 hiyo ni nusu milimita tu, haionekani kwa macho lakini mchanga unaijua. Ndani ya ukingo weka nyuzi 3, kwa sababu pale mchanga umening'inia kama kisiwa na ndio unaovunjika kwanza. Kona zote za ndani, kati ya ukingo na bamba (sahani ya katikati) na kati ya bamba na kitovu, jaza bodifila kwa mviringo wa 5 mm. Tumia mpira wa duara au ncha ya kijiko kuvuta. Kona kali inafanya mambo mawili mabaya: mchanga unameguka, na alumini inachanika ikinywea.

Tanga_Kalibu
Naongeza kuhusu tundu la 25 mm. Msijisumbue na kiini. Acha kitovu kizima, weka raiza (akiba ya alumini ya kulisha puli inaponywea) juu yake. Kitovu ndicho kinene kuliko vyote, kitaganda mwisho, na kama kuna shimo la kunywea litatokea katikati, palepale unapokuja kutoboa. Acha tu raiza iwe nene kuliko kitovu, vinginevyo kitovu ndicho kitakachoilisha raiza badala ya kulishwa.

DadaFomu
Nije kwenye kile kipande cha alteneta. Hapo mbao ni kupoteza wiki. Kipande kimoja, kona nyingi, tundu za pembeni: stairofomu. Pateni haitolewi kabisa, inabaki mchangani na alumini inaiyeyusha inapoingia. Hakuna mteremko, hakuna mstari wa kukutania, hakuna kiini. Njia yenyewe si ngeni, Harold Shroyer aliipatia hataza Marekani mwaka 1958.
Tafuta ile nyepesi ya kupakia friji na televisheni, kilo 16 hadi 20 kwa mita ya ujazo. Ile nzito inaacha masizi mengi. Ikate kwa waya wa nikromu uliopashwa moto, usiufanye mwekundu. Ukiwa mwekundu unakula zaidi ya mstari. Vipande viunge kwa gundi ya moto, tone dogodogo. Gundi ya viatu na rangi ya kupuliza zinaila palepale, zisikaribie.
Kisha paka uji wa jipsamu, mwepesi kama maziwa mazito, mikono miwili, ukauke kabisa. Ukoko huo ndio unaozuia mchanga kuporomoka fomu inapoondoka, na pia unafuta alama za vidonge vya fomu. Zika kwenye mchanga mkavu usio na bentonaiti, gonga ndoo pembeni mpaka mchanga ujae kila uwazi. Juu weka uzito.
Kumimina: joto la juu kidogo, 750 hadi 780, kwa sababu fomu inakula joto. Ukianza usisite. Tundu la kumiminia libaki limejaa muda wote. Ukikata hata kidogo, mchanga unadondoka kwenye uwazi na kazi imekwisha. Moshi wake ni sumu, fanya nje, simama upande unaotoka upepo.
Kunywea kupo palepale, kwa hiyo 1.3 unaongeza kama kawaida.

Mkerezaji_B12
Dada, nakubali kwa kishikio. Ila watu wasije wakasubu kwa fomu bodi ya pampu. Mikondo miwili ya alumini ikikutana na masizi katikati haiungani vizuri, inabaki mikunjo. Kwa macho ni nzima, ukitia maji ya presha inavuja.

DadaFomu
Sahihi kabisa kaka. Kwa pampu hapana.

layer_02
Printa ya 3D nayo isisahaulike. Kwa PLA (plastiki ya kawaida ya printa), weka ukuta wa mizunguko minne na ujazo asilimia 30 au zaidi, la sivyo kishindilio kinaibonyeza. Kunywea unaongeza kwenye programu: asilimia 101.3, ila nyama ya kukereza uwe umeshaichora. Mistari ya tabaka inashika mchanga kama meno ya msumeno, kwa hiyo fila nyembamba, msasa, praima, msasa tena. Laza pateni ili mistari ifuate upande wa kutolea, isiukate.
PLA inalegea karibu nyuzi 60. Ukiiacha ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la mchana wa Januari utaikuta imepinda.
Kwa puli hii rahisi ya duara sioni sababu ya kuprinti. Mkerezaji anaimaliza kwa saa chache. Kwa feni ya pampu yenye mabawa yaliyojikunja, hapo ndipo printa inalipa.

Mzee_Korona
Vijana, puli 30 na kesho mteja ataagiza 30 nyingine. Tengenezeni pateni ya alumini. Haivimbi, haiogopi maji, kishindilio hakiipati. Vipuri vinavyorudiwa mara kwa mara vinafaa pateni za chuma, mbao zingekuwa kuni zamani.
Sharti ni kunywea mara mbili. Pateni ya alumini inatakiwa iwe 259.3. Ongeza 1 mm kila upande wa kuisafisha, 261.3. Zidisha tena kwa 1.013, mbao yako ya mama (pateni ya kuzalia ile ya alumini) iwe 264.7. Wengi wanasahau hatua hii ya pili.

Mbao_za_Pwani
Mzee wangu, heshima yako. Ila kwa 30 tu, mninga uliopakwa vizuri unamaliza oda na kubaki mzima. Alumini niingie nayo pale oda inapojirudia kwa uhakika. Ushauri wangu: ukingo wa vipande vya mninga ukereze kwa 259.3 sasa. Oda ya pili ikija, jenga mama mpya ya paini kwa 264.7, inatumika mara moja tu.

Mzee_Korona
Hapo sawa. Ila mkaihifadhi hiyo mbao imelala juu ya ubao ulionyooka, msiitundike ukutani.

Tanga_Kalibu
Pateni nzuri kwenye mchanga mbaya ni bure. Msichukue mchanga wa ufukweni wa Raskazone au popote pale wenye chumvi: chumvi inavuta maji, na vipande vya makombe ni chokaa. Kwa alumini ya 720 makombe hayaleti vurugu kubwa, lakini siku mkisubu chuma cha kasti yatatoa gesi na vitundu kila mahali. Jaribio rahisi: weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukichemka povu, achana nao. Mchanga safi wa silika, bentonaiti asilimia 8 hadi 10, maji kidogokidogo. Ubane kwenye kiganja, uvunje katikati: ukivunjika kwa mkato safi bila kumomonyoka uko tayari. Ukiacha unyevu mkononi umezidi.

Puli_Ngamiani
Nimeelewa: mninga juu ya plaiwudi kwa puli, fomu kwa kishikio. Swali la mwisho: pateni hii ni bapa na pana, naitoaje mchangani bila kuvunja kile kisiwa cha ndani ya ukingo?

fundi_sila
Usitumie skrubu ya mbao kuivutia, baada ya kalibu chache tundu linalegea na pateni inatoka imeinama. Kabla ya kupaka rangi, chimbia nati ya M8 kwenye kitovu cha kila nusu, upande wa kukutania, juu yake funga bamba la chuma la 3 mm lenye tundu la 9, likae chini ya uso kidogo. Wakati wa kutoa unafunga bolti ndefu ya M8. Igonge bolti hiyo pande nne kwa nyundo ndogo, kidogo tu mpaka uone uzi wa mwanya kuzunguka pateni. Ukigonga sana kalibu inapanuka, puli inatoka nene na kila moja na kipimo chake.
Poda ya mtoto ipitishe kwenye kitambaa cha soksi, pateni nzima, hasa ndani ya ukingo. Lowesha mchanga wa mdomo wa pateni kwa brashi laini, maji machache. Halafu vuta juu moja kwa moja, mkono mmoja kwenye bolti, mwingine ukiwa umegusa boksi ili usitetemeke. Kisiwa kikimeguka kwenye kalibu ya kwanza, angalia mteremko wa ndani kabla hujalaumu mchanga; mara nyingi msasa umekula zile nyuzi 3 zikabaki moja.