Kamrushia kuku nyungunyungu wangu mbele ya darasa zima!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Nimetoka sasa hivi kwenye mafunzo ya mboji ya yule mtaalamu. Simtaji, wote mnamjua. Yule wa fulana ya kijani, anayeuza nyungunyungu kwa kilo utadhani anauza tanzanite.

Mwenzenu ndiyo kwanza naanza kujifunza kutambua spishi za nyungunyungu. Niliowanunua kwake aliniandikia kwenye risiti kabisa: Eisenia fetida, wale wekundu wenye milia ya njano. Nikamweka mmoja kwenye sahani nyeupe, nikashika lenzi, nikahesabu pingili kuanzia kichwani. Fetida aliyekomaa, ule mkanda wake mnene huanzia pingili ya 24 mpaka 26 hivi na kuishia ya 32. Huyu wangu mkanda umeanza ya 14 ukaishia ya 18! Milia hana. Mgongoni anang'aa zambarau.

Leo nikampeleka kwenye kikopo na udongo wake. Nikauliza kwa adabu zote: "Mtaalamu, huyu si Eudrilus eugeniae kweli?" Hata hakumtazama. Akasema, "Dada, mnyoo ni mnyoo." Akamtoa kikoponi, akamrushia kuku.

KUKU, wakuu! Kuku akameza, darasa likaangua kicheko mpaka mabati yakalia.

Mimi nipo Njombe. Baridi ya Juni na Julai huku mnaijua, hata mawe yanavaa sweta. Eudrilus asili yake ni Afrika Magharibi, anataka joto la nyuzi 25 hivi, baridi inammaliza. Fetida ndiye anayeivumilia. Sasa mtu akikuuzia huyu kwa jina la yule, halafu anakwambia mnyoo ni mnyoo!

Na hakuwa mtoto. Mtoto asiye na mkanda hata bingwa husita kumtaja kwa macho. Huyu alikuwa mkubwa, mkanda umekamilika, nimemchagua kwenye beseni zima. Akamrushia kuku. Halafu akafutia vidole kwenye daftari langu!

Kipanga Mweusi: Pole dada. Swali la muhimu: kuku alikuwa wa kienyeji au wa kisasa?

Mvuvi wa Mwaloni: 😂😂 Yaani mtu mzima na akili zake anahesabu pingili za chambo. Mimi nimevua miaka yote, sato hajawahi kuniuliza mkanda unaanzia wapi.

Mleta uzi: Sato wako hakukuandikia risiti! Mimi nimelipia spishi moja nikapewa nyingine, nimeuliza, kamrushia kuku!

Lenzi Mkononi: Mwacheni dada, yuko sahihi. Ila dada, mkanda peke yake hautoshi. Perionyx excavatus wa Asia naye mkanda wake uko 13 mpaka 17, naye ana mng'ao. Tazama vile vinywele vifupi: Eudrilus ana jozi nne kwa kila pingili, Perionyx vimeizunguka pingili nzima. Ulivitazama?

Mleta uzi: Ahsante sana mkuu, hilo ndilo nililokuwa nataka anionyeshe! Nitavitazama wapi sasa na sampuli iko tumboni mwa kuku?

Kipanga Mweusi: Si umkate mwingine katikati upate wawili, mmoja umpe kuku 😂

Lenzi Mkononi: Acha uongo. Nyungunyungu ukimkata katikati hupati wawili. Upande wa kichwa ukibahatika utapona, mkia unakufa.

Mama Banda Kubwa: Huyo huyo wa fulana ya kijani! Mimi aliniuzia vifaranga akaapa wote mitetea. Wamekua, majogoo matupu! Alfajiri kwangu hakulaliki, majirani wameniitia mwenyekiti wa mtaa.

Mleta uzi: Mama, pole, ila tumalize kwanza la nyungunyungu. Nani ana Eisenia fetida wa kweli, mwenye milia?

Kijana wa Makambako: Vifaranga vina nafuu, mama. Mimi niliuziwa miche ya parachichi, nikaambiwa ni Hass ya kubebeshwa. Nimechimba mashimo, nimeweka samadi, nimekopa. Imezaa juzi: matunda yana ngozi laini, hata yakiiva bado ya kijani, siyo meusi yenye vipele kama Hass, hata mnunuzi wa soko la nje hakushuka kwenye gari!

Mama Banda Kubwa: Mungu wangu. Kwenye shina uliliona kovu la kubebeshea?

Kijana wa Makambako: Kovu lilikuwepo, mama! Sijui walibebesha nini juu ya nini.

Mvuvi wa Mwaloni: Shemeji yangu wa Wanging'ombe yamemkuta hayo hayo. Ekari nzima kaikata, kapanda mahindi.

Kipanga Mweusi: Kijana, weka picha ya hilo tunda.

Kijana wa Makambako: Naweka jioni, nikitoka shambani. Wengine wenye miche ile jitokezeni, tujijue tuko wangapi.