Jimbo linakutoza kodi ya bangi, serikali kuu inakunyima uraia kwa bangi hiyohiyo. Hiyo ni halali gani?

Ndugu zangu mlioko Ohio, hapa Marekani, na nyinyi wa majimbo mengine yaliyoruhusu bangi, naomba tulizungumze hili kwa utulivu. Kila likizuka kwenye harusi au matanga, upande mmoja unashika dini, upande wa pili unashika uhuru, na mwisho watu wanaondoka wamenuniana.

Nitangulize msimamo wangu wa mwanzo. Tarehe 7 Novemba 2023 nilipiga kura ya ndiyo kwa Hoja Namba 2, ile iliyoruhusu bangi kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea. Asilimia 57 ya wapiga kura tulisema ndiyo. Sivuti wala sijawahi kuvuta, na mama yangu angekuwa hai angenishangaa sana. Kilichonisukuma ni polisi. ACLU, shirika la kutetea haki za raia, lilichambua takwimu za nchi nzima, na mwaka 2020 likaeleza kwamba uwezekano wa mtu mweusi kukamatwa kwa kupatikana na bangi ni zaidi ya mara tatu na nusu ya ule wa mzungu, ilhali wote wanaitumia kwa viwango vinavyokaribiana. Nina vijana wawili wa kiume. Sikuhitaji hoja nyingine.

Kwa hilo la kukamatwa sibadilishi msimamo. Asikamatwe tena mtu kwa msokoto mmoja. Lakini kuna jambo ambalo siku ile sikulijua, na nina hakika wengi wetu hatukulijua. Jimbo limetoa leseni, maduka yamefunguliwa, kodi inakusanywa tangu Agosti 2024, na mnunuzi mgeni haambiwi na yeyote kwamba ununuzi huo unaweza kumfungia mlango wa uraia. Nasema hiyo ni dhuluma, na jimbo linashiriki.

Tuone sheria inavyofanya kazi. Serikali kuu ina sheria yake ya dawa za kulevya ya mwaka 1970, na humo bangi imo. Kura yetu ya Ohio haikuigusa, wala ya Colorado na Washington waliotangulia mwaka 2012 haikuigusa. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 2005, katika kesi iliyotoka California, kwamba ruhusa ya jimbo haizuii sheria ya serikali kuu. Sasa, mambo ya uhamiaji yote yako mikononi mwa serikali kuu. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ikatoa mwongozo ulio wazi kabisa: kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kukuharibia sifa ya mwenendo mwema, na bila sifa hiyo huapishwi kuwa raia. Kujihusisha si kuvuta tu. Kazi ya kulima, kufungasha au kuuza dukani nayo imo.

Na si lazima uwe umehukumiwa. Ukikiri kwa mdomo wako mbele ya ofisa kwamba ulivuta, kukiri huko kunatosha kukuletea balaa. Sisi tuliolelewa kusema kweli mbele ya mkubwa tunaumia zaidi hapa, maana tunaulizwa swali tunajibu, tukiamini kwamba jambo halali halina madhara.

Kuna kipimo kimoja kinanikera kuliko vyote. Mwenye kadi ya ukaazi akipatikana na hatia ya kosa la bangi anaweza kufukuzwa nchini, isipokuwa kosa hilo liwe moja tu, la kuwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe, isiyozidi gramu 30. Ohio inamruhusu mtu mzima kubeba wakia mbili na nusu, yaani takriban gramu 70. Jimbo linakuambia chukua hizi, beba, ni haki yako, na kiasi hicho ni zaidi ya mara mbili ya kile ambacho serikali kuu inaweza kukivumilia.

Mtaani kwetu kuna kijana kutoka Kongo, amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, amefika hapa na wazazi wake. Alipata kazi ya kufungasha bidhaa kwenye ghala la bangi, mshahara mzuri kuliko wa kiwanda cha nyama alikotoka, bima juu. Wazazi walikuja kuniuliza kama kazi hiyo ni ya heshima. Nikawajibu kwa kiburi cha mtu anayejua nchi: ni halali, ana leseni, analipa kodi. Kumbe nilikuwa namchimbia shimo. Aliyetuzindua ni wakili wa kujitolea, miezi kadhaa baadaye, walipokwenda kuulizia fomu za uraia. Kijana ameacha kazi. Sasa miezi ile aliyofanya inamfuata, na ushauri aliopewa ni kusubiri miaka ipite ndipo aombe. Jambo hili linanilaza macho.

Ongezeni madereva wetu wa malori, na mnajua ni wangapi. Vipimo vyao ni vya serikali kuu, bangi bado imo kwenye vipimo hivyo, na tangu Januari 2020 ukigundulika unaandikwa kwenye kanzidata ambayo kila mwajiri lazima aiangalie kabla ya kukuajiri. Bangi inakaa mwilini siku nyingi. Pipi yenye bangi uliyokula Jumamosi inaweza kukukosesha lori wiki ya pili.

Wanaotetea watasema: lakini fedha inajenga. Haya, tuiangalie fedha. Kodi ni asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida ya mauzo. Tulichopigia kura kilisema asilimia 36 iende kwenye mfuko wa kuwainua walioumizwa na sheria za zamani, 36 kwa miji yenye maduka, 25 kwa matibabu ya uraibu, na 3 kwa uendeshaji. Bajeti ya mwaka 2025 imelibakiza fungu la miji. Mengine yamemwagwa kwenye mfuko mkuu wa jimbo. Waliweza kwa sababu hoja yetu ilikuwa sheria ya kawaida, haikuingizwa kwenye katiba ya jimbo kama ile ya utoaji mimba iliyopita siku hiyohiyo. Kwa hiyo aliyefungwa zamani hana mfuko wake, na mzazi wa kijana mraibu hana fungu lililolindwa. Colorado kwenyewe, walioanza kuuza Januari 2014, kodi ilipita dola milioni 400 mwaka 2021, kisha ikateremka mwaka hata mwaka, bei zikashuka na majirani wakafungua maduka yao. Wale wa nyumbani waliovutiwa na ahadi ya mgombea urais Wajackoyah mwaka 2022, ya kulipa deni la Kenya kwa bangi, waitazame hali hiyo.

Kuna hoja moja siwezi kuipuuza: heri nusu shari kuliko shari kamili. Kabla ya 2023 mgeni aliweza kukamatwa na polisi wa Ohio, akahukumiwa, hata akafukuzwa nchini. Sasa angalau polisi wa jimbo hamgusi. Ni kweli, na ndiyo maana sijuti kura yangu. Ila zamani mtu alijua anavunja sheria na akajificha. Leo anaingizwa mlangoni na taa za rangi, anatoa kitambulisho, anapewa risiti.

Wengine wananiambia tusubiri, maana serikali ya Biden ilipendekeza Mei 2024 bangi ishushwe kutoka daraja la kwanza, la dawa zinazobanwa zaidi, hadi la tatu. Someni vizuri. Dawa ya daraja la tatu bado ni dawa inayodhibitiwa, na sheria ya uhamiaji haiangalii daraja. Isipoondolewa kabisa kwenye orodha ya dawa hizo, mtego unabaki palepale.

Kwa hiyo ninachodai kutoka kwa jimbo ni vitu viwili. Kila duka na kila tangazo la kazi liandike onyo kwa wasio raia, kwa lugha zinazozungumzwa hapa, Kiswahili kikiwemo. Na sehemu ya kodi ilipie mawakili wa uhamiaji kwa wale walionaswa. Wanaosema kila mtu mzima ajisomee sheria mwenyewe, naomba wanijibu: mnataka mkimbizi wa miaka miwili nchini aelewe mgongano ambao hata mimi, raia mpiga kura, sikuuelewa?

Nasubiri majibu. Hasa kutoka kwa nyinyi wa Minnesota na Illinois: huko kwenu, dukani pameandikwa chochote?