Mtoto wa miaka miwili na nusu kupangiwa kiti peke yake ndani ya ndege, huu ni uhuni!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Tumesafiri nje ya nchi mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka miwili na nusu. Tiketi tatu tumezilipia pamoja, na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto tumeijaza kwa sababu fomu yao haiendelei bila hiyo. Mfumo wao unajua fika huyu ni nani. Tunafika kaunta, tunapewa pasi za kupandia: baba mstari wa 14, mama wa 27, mtoto wa 31 katikati ya watu asiowajua.

Namuuliza dada wa kaunta, ananijibu macho yake kwenye kompyuta: "Mngelipia kuchagua viti."

Tukalipa pale pale, bei ya juu kuliko ya mtandaoni. Kadi ilipokubali tu, vikatoka viti vitatu vilivyopangana. Kwa hiyo vilikuwepo! Walikuwa wamevikalia wakisubiri tushikwe na hofu.

Na kiti chenyewe si kwamba tulikitaka kwa anasa. Mtoto akishafikisha miaka miwili hapakatwi tena, lazima alipiwe kiti chake. Akitimiza miaka miwili mkiwa bado safarini, kiti cha kurudi nacho unamnunulia. Sawa, tumekubali, ni usalama. Sasa usalama huo unaishia kwenye kulipa nauli?

Kila safari wanatuonyesha barakoa ya oksijeni: vaa yako kwanza, kisha msaidie mtoto. Nimsaidie vipi akiwa mistari minne nyuma yangu, taa ya mkanda imewaka na siruhusiwi kusimama? Nani atamfunga mkanda wakati wa kutua? Nani atampeleka msalani, atamzuia asinywe chai ya moto ya jirani? Abiria aliyelipa nauli yake hakuja kulea mtoto wangu, na mimi simjui.

Halafu kuna kuokoa watu. Ndege kubwa za abiria haziidhinishwi mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Wazazi waliotenganishwa na watoto watakimbilia wapi, mlangoni? Mimi nitarudi nyuma kinyume na watu wote, nasema wazi, na mama yeyote atafanya hivyo. Mamlaka ya anga ya Uingereza imelieleza hilo kwenye mwongozo wake: mtoto mdogo akae mstari mmoja na mtu mzima wake, ikishindikana wasipishane zaidi ya mstari mmoja. Lakini ni mwongozo tu. Marekani nako, Agosti 2024, wizara ya uchukuzi ilipendekeza kanuni ya kupiga marufuku ada ya kumkalisha mtoto wa miaka 13 au chini ya hapo karibu na mzazi wake. Maana yake wenye mamlaka wanaliona tatizo. Mashirika yanaliona pia, ila yameligeuza mradi.

Kigari cha mtoto nacho kimerudi gurudumu limevunjika, naambiwa "vigari hatuhusiki". Uongo. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, unawabana kwa mzigo uliokabidhiwa ukaharibika mikononi mwao. Ila malalamiko yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, kwa hiyo usitoke uwanjani bila kuandikisha na kupiga picha.

Ya kigari nitamalizana nao. Ninachotaka ni ile ada ya viti irudi, yote, na nimeshawaandikia. Wamenijibu kwa ujumbe wa mashine unaonishukuru kwa kuwachagua!

Aliyewahi kurudishiwa pesa ya namna hii aseme hapa alidai kwa nani na aliambatanisha nini. Na kama unafanya kazi kwenye shirika la ndege, tueleze: mfumo unaoona mtoto ana miaka miwili unashindwaje kumweka pembeni ya mama yake?